Bi Sainaba binti Moideen, Mcheza Sinema wa Kallai Aliyelazwa Al Amerat

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake ndiko tutakakorejea. Haya ni maisha ya marehemu Bi Sainaba binti Moideen, mke wa Bwana Sleyum bin Nasser, kama yalivyoandikwa na binti yake Taghreed na kusomwa siku ya tatu ya azaa, siku za kutoa pole, nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, Maskati, mbele ya jamaa, majirani, na wageni waliosafiri kutoka Unguja na Kozhikode.

Wengi waliokuja kutoa pole walimjua kwa sambusa zake za Ramadhani na kwa sauti yake nzito iliyokuwa ikisikika hata akinong'ona. Wachache walijua kuwa Kusini ya India wako wazee wanaomkumbuka kwa jina jengine, Nilamani, na kwamba picha yake ilipata kubandikwa kuta nzima za mji wa Madras. Wanawe wameona asizikwe na jina moja tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, Kallai, katika mji wa Kozhikode, jimbo la Kerala. Alikuwa wa kwanza. Mdogo wake, Beeran, alimfuata baada ya miaka minne. Baba yake, Mzee Moideen, alikuwa karani katika bandari ya magogo, na baada ya Magharibi akisomesha Kurani watoto wa mtaani. Mama yake, Bi Kadeeja, alikuwa mtu wa ndani, mwenye maneno machache. Sainaba alikuwa na sauti nzito tangu utotoni, na hilo ndilo lililompendeza baba yake. Alikuwa akimweka mbele ya darsa awaanzishie wenzake, kisha yeye mwenyewe anafumba macho kusikiliza. Marehemu alisema mara nyingi kwamba hapana mtu aliyempenda duniani kama baba yake alivyompenda mpaka alipofika miaka kumi na saba.

Alisoma skuli ya wasichana hapo hapo Kozhikode, akamaliza mwaka 1973. Katika mashindano ya skuli aliigiza mama aliyefiwa, na walimu wakalia. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo mwenye kundi la michezo ya jukwaani, akamtaka. Baba alikataa kabla maneno hayajamalizika. Lakini mama yake mdogo, Bi Pathumma, mjane aliyekuwa akishona nguo, alikuwa mwanamke asiyeogopa mtu. Mwanzoni mwa mwaka 1975 alifungasha cherehani yake, akamshika Sainaba mkono, wakapanda treni kwenda Madras. Waliondoka baba akiwa kazini. Bi Kadeeja aliwaona. Alikuwa akichambua mchele barazani, akainamisha uso, akaendelea kuchambua.

Huko Madras ndiko alikopewa jina la Nilamani. Kwa miaka kumi alicheza filamu thelathini na kitu, nyingi za Kimalayalam na Kitamil. Alikuwa dada wa shujaa, mke mgonjwa, mjakazi mwenye siri. Mara tatu alikuwa nyota mwenyewe. Kazi ilikuwa ngumu kuliko wanavyodhani watu. Alikuwa akisimama juani toka asubuhi na poda inamchuruzika, machoni anapigwa na mataa, kisha anaambiwa alie, na alilia kweli. Wenye filamu walimpenda kwa sababu hakuhitaji kupakwa dawa ya kumtoa machozi.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomkera. Katika sinema za huko, maneno hurikodiwa baadaye, na mara nyingi anayesema siye anayeonekana. Siku ya kwanza alipojaribiwa, mwenye filamu alicheka mpaka akakaa chini. "Uso wa msichana wa miaka kumi na saba," alisema, "na sauti ya dereva wa lori!" Kuanzia hapo midomo ilikuwa ya Sainaba na maneno ya mwanamke mwengine mwenye sauti nyembamba kama ya ndege. Filamu zote zile, watu wakalia naye na wakacheka naye, na hawakupata kumsikia.

Mwaka 1977, sikukuu ya Idi, alirudi Kallai na furushi la nguo: kanzu ya baba, shati la Beeran, na mtandio wa kijani wa mama. Baba alikuwa amekwishaona mabango. Alisema akiwa nyuma ya mlango uliofungwa:

"Nani?"

"Mimi, Bappa. Nifungulie mlango."

"Binti yangu Sainaba amekufa. Huyo wa kwenye mabango simjui."

Aligonga tena. Ndani alimsikia mama yake akilia na baba akimnyamazisha. Akakaa kizingitini na nguo zake mapajani mpaka jua likamfikia miguuni, wapita njia wakimtazama, wengine wakimnyooshea kidole kwa kuwa wanamjua sura. Mwisho aliziacha zile nguo pale akenda zake stesheni. Baadaye furushi lilirudishwa Madras. Kanzu ilikuwamo na shati lilikuwamo. Mtandio haukuwamo.

Bi Kadeeja alifariki mwaka 1983. Khabari zilimfikia marehemu kwenye seti ya filamu, mama keshazikwa. Ndipo Bi Pathumma alipomwambia lile alilolificha miaka yote. Kila alipokuwa akienda Kozhikode kuwasalimia jamaa, dada yake alikuwa akimwomba ampeleke sinema ya mchana, amejifunika, wakae nyuma kabisa.

"Alikuwa akitazama?" marehemu aliuliza.

"Mwanzo akitazama. Halafu akawa anafumba macho. Nikamuuliza, dada, umekuja kuona au kulala? Akanambia, nimekuja kumsikia mwanangu, lakini huyu anayesema siye. Mtoto wangu wamempeleka wapi?"

Maneno yale yalimwingia marehemu yasitoke. Filamu iliyofuata alikataa kusaini mpaka aahidiwe kusema kwa sauti yake mwenyewe. Mwenye filamu alikubali shingo upande. Ilionyeshwa wiki moja katika kumbi mbili ikaondoshwa, na wakasema imeangushwa na ile sauti. Simu zikapungua. Marehemu hakujuta, ila kila alipoitaja filamu ile alisema neno hilo hilo: "Ilichelewa mwaka mmoja."

Mwaka 1985 alikuja Maskati na kundi la wacheza sinema kuwatumbuiza watu wa Kerala wanaofanya kazi hapa. Onyesho lilikuwa katika ukumbi wa skuli moja, Ruwi. Marehemu alitakiwa aigize kipande cha filamu yake na maneno yatoke kwenye kanda. Katikati ya kipande kanda ikakwama. Akabaki amesimama mbele ya watu, midomo inakwenda na hapana kinachosikika. Watu wakaanza kupiga miluzi.

Fundi wa sauti siku ile alikuwa kijana wa Kiomani, Sleyum bin Nasser, mzaliwa wa Unguja, aliyerudi Oman na wazee wake mwaka 1974 na akafanya kazi redioni. Aliona midomo haikusita. Akamfungulia maikrofoni. Sauti nzito ikaujaza ukumbi, miluzi ikakatika, na alipomaliza watu walisimama wakampigia makofi. Marehemu aliteremka akamwendea fundi moja kwa moja. Walizungumza kwa Kihindi, yeye cha Madras, Sleyum cha kuokota katika sinema za Unguja.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Nimekuona unasema," alijibu Sleyum. "Sikuona sababu usisikike."

Ikawa ndio mwanzo. Lakini ndoa inataka walii wa kumwozesha binti, na walii wake, baba yake, alikuwa hai. Mwaka 1986 Sleyum alisafiri hadi Kallai kumposa. Alikaribishwa ndani, akawekewa chai na mkate wa mchele, akaketi uso kwa uso na Mzee Moideen, na marehemu nje, ndani ya teksi, vioo vimefungwa. Mzee alimhoji Sleyum kuhusu kazi yake, sala yake na wazee wake. Akaridhika naye. Kisha akamwita imamu wa msikiti wa jirani, akampa uwakala kwa mdomo wake: "Nimemwozesha. Na asirudi." Sleyum alipotoka, marehemu alimuuliza jambo moja tu: kama mtandio wa kijani uko. Sleyum alikuwa ameuona, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mzee hakuwa ameuondoa tangu mkewe afariki.

Waliozeshwa wiki ile ile, wakaja kuishi Khuwair ya Kusini kwa mavyaa wake, Bi Sayyida. Mama huyo hakuwa na raha. "Maskati yote hii, wasichana wa watu wamejaa, we' unaniletea mcheza sinema!" alimwambia mwanawe. Kwa miezi mizima alimwita mkaza mwana wake "yule." Siku moja mashoga zake walileta kanda ya filamu ya Nilamani, wakaiweka kwenye video, naye akakaa kutazama kwa kununa. Dakika chache tu akasema: "Zimeni. Nani huyo anayemsemea? Huyu wangu anasema kama mtu mzima, hako kanalia kama kifaranga." Wote waliokuwapo walisikia neno "wangu." Marehemu alikuwa hajakijua vyema Kiswahili, ila hilo alilielewa, akenda jikoni kulia.

Kiswahili alifundishwa na Bi Sayyida, mbele ya jiko. Katika Idi yake ya kwanza hapa, aliwatokea wageni na sinia la pilau, akasema kwa fakhari: "Karibuni, nimewapika!" Bi Sayyida akawageukia wageni: "Haya, kaeni mliwe." Mpaka leo ndani ya nyumba hii chakula kikiwa tayari, mtu husema watu wamekwisha pikwa.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Taghreed mwaka 1988 na Jaifar mwaka 1991. Marehemu hakurudi tena kuigiza, ingawa aliitwa. Bi Sayyida alipoharibikiwa macho kwa sukari, marehemu alikuwa akikaa naye kila baada ya Alasiri na kumhadithia filamu zake, moja baada ya moja, kwa Kiswahili, akisema maneno ya shujaa, ya adui, ya mama mkwe na ya askari. Zilipokwisha alianza upya. Bi Sayyida alifariki mwaka 2004, mkono wake umo ndani ya mkono wa mkaza mwana wake. Yeye ndiye pekee aliyezisikia filamu zote za Nilamani kwa sauti ya Nilamani.

Mzee Moideen alifariki mwaka 1995. Marehemu alikwenda na mumewe, akafika mazishi yamekwisha. Beeran alimfungulia nyumba. Akasimama sebuleni dakika chache, akasema hawezi kukaa, akatoka. "Nilitaka niingie yeye akiwemo," alimwambia Sleyum ndani ya ndege, na hakulitaja tena.

Maradhi yalianza mwaka 2017. Siku moja alikuwa akirudi kutoka kwa Jaifar, Al Amerat, akapotea kwenye barabara ya mlimani aliyoiendesha mara zisizo idadi. Walimkuta ameegesha gari pembeni, mikono kwenye usukani, anasubiri aambiwe lini waanze kupiga picha. Madaktari walieleza kwamba ubongo unanyauka na kwamba hautarudi. Kilianza kuondoka Kiarabu, kikafuata Kihindi. Halafu majina ya wajukuu. Mwaka 2021 kikaondoka Kiswahili, na hapo nyumba iliingia kiza, kwani alibaki na Kimalayalam peke yake, na hapana mtu ndani aliyekijua. Alikuwa akiomba maji akaletewa shali. Alikuwa akisema habari ndefu, anauliza kitu, anangoja jibu, na watoto wake aliowazaa wanamtazama tu.

Sleyum, akiwa na zaidi ya miaka sabini, alikwenda kwa mwenye duka la vyakula pale mtaani, mtu wa Kerala, akamwomba amfundishe. Kila siku alikaa juu ya gunia la mchele na kurudia maneno: maji, njaa, baridi, unaumwa wapi, usiogope, mimi nipo. Ulimi wake ulikuwa mzito, na marehemu alikuwa akimcheka. Taghreed aliona baba yake akifurahi kuchekwa. Wakapata kuzungumza tena, kidogo kidogo, maneno ya mtoto mdogo.

Mwezi wa Februari 2023, baada ya sala ya Alasiri, marehemu alitoka uani na mlango ukajifunga kwa upepo. Taghreed na baba yake walikuwa sebuleni. Wakasikia kugongwa, pole pole.

"Bappa," ilisema sauti ya nje. "Bappa, vaathil thurakku."

Taghreed aliinuka kwenda kufungua. Sleyum akamshika mkono.

"Anasemaje, baba?"

"Anamwomba baba yake amfungulie."

Marehemu aligonga tena. Sasa alikuwa akilia, na aliyasema maneno yale yale. Sleyum aliyajua. Katika watu wote wa Maskati ni yeye peke yake aliyepata kukaa ndani ya mlango ule wa Kallai na kumsikia mzee anavyosema. Uso ulimbadilika. Akasimama, akajinyoosha mgongo, akenda mlangoni akafungua kwa mkono wake. Mkewe alikuwa amesimama na furushi la nguo kifuani, nguo alizozianua kambani.

"Keri vaa, mole," alimwambia kwa sauti ya kizee. Ingia, mwanangu.

Mkewe alimtazama muda mrefu. Kisha akainama, akambusu mkono, akaingia. Aliketi kwenye kochi, akatazama huku na huku kama mtu aliyekuwa safarini, akaomba maji kwa lugha yao. Akanywa yote. Akalala pale pale, usingizi ambao hakuwa ameupata miezi mingi.

Taghreed alimfuata baba yake jikoni. Alikuwa ameegemea friji, analia bila ya sauti.

"Nimeongopa, mwanangu? Nimesema kwa mdomo wa maiti."

"Hukuongopa, baba. Umefungua mlango tu."

"Yeye yule mzee angefungua," alisema Sleyum. "Nnajua angefungua. Ule mtandio aliuacha kwa nini?"

Tangu siku ile marehemu hakuwa na hofu tena. Alikula, alilala, alitabasamu. Lakini hakumjua tena mume wake. Kwake Sleyum alikuwa Bappa, asubuhi na jioni, kwa miaka miwili iliyobaki. Akitaka kumkalia karibu, anamsogelea kwa adabu ya binti. Mara moja alimuuliza kwa Kimalayalam ikiwa atamtafutia mume mwema, naye akamjibu kwamba atamtafutia. Watoto walipomwambia ajaribu kumkumbusha, amwonyeshe picha za harusi, alikataa. "Mwacheni," alisema. "Mume amekuwa naye siku nyingi. Baba alimkosa. Wacha nimwie baba." Alizichukua zile picha akaziweka juu ya kabati, upande wake wa kitanda, mahali ambapo mkewe hatazami.

Mwezi uliopita marehemu alipata homa ya mapafu. Alitibiwa, akarudishwa nyumbani, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, jua limekwisha toka, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Taghreed alikuwa akimpangusa uso. Sleyum alikuwa akimwambia maneno yale ya dukani: usiogope, mimi nipo.

Alizikwa siku ile ile makaburini Al Amerat, baada ya sala ya Alasiri. Kaburi lilipokuwa tayari, msimamizi wa makaburi alitaka kujua nani atakayeshuka kumpokea. Jaifar alishuka. Sleyum naye akaanza kuvua viatu. Watu walimzuia, wakamwambia mzee kaa, magoti yako, vijana wapo. Msimamizi, asiyemjua, alimuuliza kwa upole: "Wewe ni nani wake, baba?"

Sleyum alimaliza kuvua kiatu cha pili. Akainuka.

"Mume wake," alisema. "Mimi ni mume wake."

Wakamshika mikono wakamteremsha. Alimpokea mkewe akamlaza upande wa kibla, akakaa chini pale kitambo, mpaka Jaifar alipomgusa bega.

Marehemu ameacha mume, Bwana Sleyum bin Nasser. Watoto wawili, Taghreed na Jaifar. Mkaza mwana wake, Wadha. Wajukuu watatu, Mazoon, Talal na Nawar. Na mdogo wake, Beeran, wa Kallai. Wanawe wanawashukuru majirani wote wa Khuwair waliomrejesha nyumbani kila alipopotea, na mwenye duka aliyekuwa mwalimu. Wanaomba radhi kwa yeyote ambaye mama yao alimpita bila ya kumsalimu katika miaka hii ya mwisho, hakukusudia.

Mola ampokee kwa rehema zake, amkutanishe na mama yake, na amjaalie makazi yenye utulivu. Apumzike kwa amani, Bi Sainaba. Amin.